Njia Nyembamba ya Kupanda

Mukunde alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakutaka mtu yeyote katika Kigali nzima apate la kusema juu yake. Mteja akimletea zawadi ofisini, aliirudisha hadi mlangoni. Akimkuta binamu yake kwenye foleni, alimwambia asubiri kama wengine, na wakati mwingine alimsogeza nyuma zaidi ya pale alipokuwa amesimama. Wenzake walimheshimu kwa hilo. Ndugu zake walimvumilia.

Kazi yake ilikuwa kupanga uwezo wa mtandao. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na ofisi Kacyiru, nayo ilivuta kebo kilima kwa kilima hadi majumbani, na ndani ya kebo hizo zilipita televisheni na intaneti pamoja. Watu hudhani kila nyumba ina intaneti yake, kama vile kila nyumba ina mlango wake. Sivyo. Nyumba za mtaa mzima huunganishwa kwenye kisanduku kimoja kilichotundikwa juu ya nguzo, mafundi hukiita nodi, na wote walio chini ya nodi hiyo hugawana kilichopo. Mmoja akichota kwa pupa, mwingine hubaki na matone.

Tena ndani ya kebo hiyo hiyo mna njia mbili. Kuna njia ya kushuka, inayoleta filamu na mpira na nyuso za watu walio mbali, nayo ni pana kama barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Na kuna njia ya kupanda, inayochukua kilichomo nyumbani na kukipeleka duniani, nayo ni kijia cha mbuzi. Waliobuni kebo zamani walimwona mtu aliye nyumbani kuwa mtu wa kupokea tu. Hawakuwaza kwamba siku moja naye atakuwa na neno la kusema.

Mukunde alitazama jinsi kila nodi inavyojaa jioni, watu wanaporudi makwao, kisha akashauri ipi igawanywe mara mbili kabla haijafurika. Kiangazi kilipoanza, vifaa viliingia kupitia uwanja wa ndege wa Kanombe, na vilitosha kugawa nodi moja. Nyingine ingengoja hadi karibu na Krismasi. Zilizokuwa na hali mbaya zilikuwa mbili: moja ya Kacyiru, kwenye nyumba za maofisa na mabalozi, na moja ya Gisozi, kwenye mteremko ulio nyuma ya karakana za Agakiriro.

Siku ya kikao alisimama mbele ya ukuta, michoro yake ikimulika nyuma yake.

"Gisozi wanaona filamu vizuri tu," alisema. "Njia yao ya kushuka haina neno. Tatizo ni ya kupanda. Mafundi wa Agakiriro wanaishi mteremko ule. Wakifika nyumbani jioni, wanatuma video za makochi na milango kwa wateja wa Goma, wa Kampala, wa Bujumbura. Halafu kila geti sasa lina kamera ya ulinzi, na kamera hailali. Njia inajaa hadi mdomoni. Kacyiru wanapiga kelele zaidi, lakini bado wana nafasi."

"Kacyiru wanapiga kelele kwa simu yangu," alisema Conrad, mkuu wao, mtu mpole aliyekulia Kampala na aliyependa vikao viishe. "Lakini namba ni namba. Gisozi, basi?"

Hapo ndipo Nkusi wa idara ya mauzo aliponyoosha kalamu yake. Nkusi alizaliwa Kagera, Kiswahili chake kilikuwa kitamu, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Subirini kwanza, jamani. Huo mteremko wa Gisozi si ndiko kwenu, Mukunde? Nyumba ya bati la kijani, chini ya kanisa? Mimi mwenyewe niliwahi kukushusha pale."

"Ndiko. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimeelewa! Binti anataka Muzee Léonidas amtazame Papa wa Roma bila kukatikakatika!"

Meza nzima ilicheka. Conrad naye alitabasamu. Nkusi hakuwa na nia mbaya hata chembe, aliongeza kwamba kebo ingefika kwao Kagera angeanzia chumbani kwa mama yake, nao wakacheka tena. Mukunde hakucheka. Masikio yalimwaka moto. Aliwaona tayari wakisimuliana kwenye ngazi, wakinong'onezana penye mashine ya kahawa: Mukunde yule msafi, Mukunde anayerudisha zawadi, ameanza kwa baba yake.

"Kacyiru itangulie," alisema.

Conrad aliinua uso. "Namba zako zinasema vingine."

"Zimekaribiana. Kacyiru itangulie, Gisozi ingoje Krismasi. Namba nitazisimamia mimi."

Hazikuwa zimekaribiana. Alijua hivyo wakati ulimi wake ukitamka. Lakini hakuna aliyeuliza tena, kwa kuwa hakuna amshukuye mtu anayejinyima. Jioni ile alipanda moto, pikipiki ya abiria, kurudi nyumbani, upepo ukimpiga kifuani juu ya bega la dereva, naye akajisikia mwepesi na safi kama shuka iliyoanuliwa. Loo, usafi wa namna hii! Mtu hujiosha kwa maji ya watu wengine, kisha anajisifu kwamba hana doa.

Nyumbani Gisozi baba yake alikuwa kitandani. Moyo wa Léonidas ulikuwa umechoka, na hospitali ilikuwa imemruhusu kurudi nyumbani kwa namna ile madaktari wanavyomruhusu mtu wasiyekuwa na la kumfanyia tena. Alikuwa mzaliwa wa uhamishoni. Alikulia Buyenzi, kule Bujumbura, akacheza kwa Kiswahili na kusali kwa Kiswahili, na maisha yake yote alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji. Mashine zile zilikula masikio yake kidogo kidogo, hata alipofika uzeeni akawa hasikii ila mlango ukibamizwa. Alizungumza na watu kwa kuwatazama nyuso. Macho yaliyobaki hayakutosha kusoma midomo, lakini yalitosha kujua nani amefurahi na nani analia.

Mukunde alimtunza pamoja na Masenge Béatha, shangazi yake, dada wa pekee wa mzee. Mama yake Mukunde alikuwa ametangulia. Na Gratien, mdogo wake Mukunde, alikuwa Montréal.

Kuondoka kwa Gratien hakukuwa kuondoka kwa heri. Alikuwa seminari kuu, amebakiza wiki chache tu apewe ushemasi. Parokia ilikuwa imekwisha kuchagua ng'ombe wa karamu, wageni wameshaalikwa hadi Burundi, Léonidas amekwisha kushona suti. Gratien akarudi nyumbani na sanduku lake, akasema moyo wake haumo. Akalisema mbele ya wageni, maana aliwakuta sebuleni. Léonidas alisimama. Alimtazama mwanawe usoni, mbele ya watu wote wale, akasema: "Nikifa, usije kunizika."

Kwa watu wa ukoo ule, neno hilo ni zito kuliko kofi. Mtoto ndiye humwagia mzazi wake udongo wa kwanza. Aliyeambiwa asizike ameambiwa kwamba hana kwao, na neno kama hilo, likishatamkwa mbele ya watu, hakuna padri wala mjomba anayeweza kulifungua. Hulifungua mdomo ule ule uliolifunga. Gratien aliondoka nchini na neno hilo mgongoni. Huko Montréal alipata kazi ya kupanga mizigo katika bohari, na sasa makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa mezani kwa watu wa uhamiaji. Akitoka, harudi. Hata ndege ya kuja kumwona baba yake anayekufa hakuwa na ruhusa ya kuipanda.

Muda wote wa ugonjwa, Mukunde na Masenge Béatha walimbembeleza mzee. Walimwandikia kwa maandishi makubwa: GRATIEN ANAKUSALIMU. Mzee alisoma, akageukia ukutani.

Kisha Alhamisi moja, jua limekwisha kuzama na Masenge akiwa anamlisha uji, Léonidas aliusogeza mkono wenye kijiko.

"Nitafutieni Gratien," alisema, kwa sauti ile kubwa ya watu wasiojisikia.

Masenge alidondosha kijiko. "Bikira Maria! Mukunde weh! Mukunde! Papa yako anamtaka mtoto!"

Mukunde alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina sabuni. Alitazama saa iliyokuwa ukutani, na kwa mara ya kwanza maishani aliichukia kazi yake. Saa mbili usiku. Ilikuwa saa mbaya kuliko zote. Simu za mkononi hazikuwa na msaada: nyumba yao ilikaa ndani ya mkunjo wa kilima, mawimbi ya simu yaliruka juu yake, na hiyo ndiyo sababu mteremko mzima ulikimbilia kebo. Na kebo, wakati ule, ilikuwa imejaa.

Aliandika kwenye karatasi: TUSUBIRI KIDOGO. BAADAYE MTANDAO UTAKUWA MZURI.

Mzee alisoma, akatikisa kichwa. "Baadaye mimi sipo, mama," alimwambia. Ndivyo alivyomwita binti yake tangu utotoni. "Lete huyo mtoto. Na nimwone. Yale maneno nilimwambia nikimtazama usoni. Haya nayo nitamwambia nikimtazama usoni."

Mukunde alifungua kompyuta, akaiweka juu ya kiti karibu na kitanda, akapiga. Montréal ilikuwa mchana. Gratien alipokea akiwa amevaa koti la kazi la rangi ya machungwa, amejibanza kati ya marundo ya maboksi. Uso wake ulijaa kioo kizima, safi, kila unywele wa ndevu ukionekana, kwa maana njia ya kushuka ilikuwa pana na haikuwa na msongamano.

"Papa!" alisema, na midomo yake ikaanza kutetemeka.

Léonidas alijiinua juu ya mito. Alimtazama mwanawe kama anayetazama moto wakati wa baridi.

"Dada," alisema Gratien. "Dada, picha imeganda. Namwona Papa ametulia tu kama kwenye fremu. Wewe nakusikia vipandevipande. Haloo?"

Mukunde alielewa mara moja. Kijia cha kupanda kilikuwa kimeziba. Baba yake aliweza kumwona mwanawe akipumua, lakini kilichotoka kitandani pale hakikupanda hata hadi kwenye nguzo. Alizima simu zote za nyumbani, akazima televisheni ya jirani mpangaji aliyetumia ruta yao, akajaribu tena. Picha ile ile. Basi alimgeukia baba yake, akamwonyesha kiganja: subiri. Mzee aliitikia kwa kichwa. Mukunde alimwambia Masenge, "Usiguse chochote, narudi sasa hivi," akatoka nje na kandambili miguuni.

Alijua nodi ile inahudumia nyumba zipi, alikuwa ameichora mwenyewe. Wa kwanza aliyemwendea alikuwa Rwema, fundi seremala wa nyumba ya jirani. Alimkuta barazani ameinamia simu, vumbi la mbao limemjaa nyusi.

"Eh! Dada wa intaneti!" Rwema alicheka. "Leo umekuja kutukata au kutuongezea?"

"Rwema, zima ruta yako. Kidogo tu."

"Haiwezekani, sha. Hapa iko napandisha video ya kabati, mteja wa Goma anangojea, imebaki kidogo kufika. Nikizima inaanza upya! Si nyinyi wenyewe mnatuuzia huo mtandao wa konokono? Juzi nimewapigia simu, mnaniambia Krismasi. Krismasi gani, ya mwaka gani?"

"Papa anakufa, Rwema. Anataka kuongea na Gratien na picha haipandi."

Rwema aliweka simu chini. Alisimama, akaingia ndani, akachomoa waya ukutani kwa mkono wake, kisha akatoka hadi ukingo wa baraza, akaweka viganja mdomoni na kupaza sauti kuelekea bondeni:

"Zimeni mitandao! Mnasikia? Zimeni! Muzee Léonidas anaongea na kijana wake wa Kanada!"

"Hata mpira?" sauti ilijibu kutoka gizani.

"Hata mpira, wewe mchawi! Zima!"

Mukunde alikuwa tayari kwenye mlango unaofuata, na unaofuata. Yule ambaye hakuwahi kumwomba mtu hata chumvi sasa alikuwa akiomba nyumba kwa nyumba, akishika mikono ya watu, akiwaita baba, mama, shemeji. Walizima. Kuna waliodhani ni amri ya serikali, wakazima kwa woga. Kuna mwanafunzi aliyekuwa akituma kazi yake ya chuo, akazima huku anauma midomo. Na mwanamke mmoja alimkumbatia kwanza, akamchelewesha, kisha akazima hadi taa. Taarifa ilitangulia mbele yake mdomo kwa mdomo. Mwanga wa televisheni ulitoweka dirisha moja baada ya jingine, hadi mteremko wote ukabaki na sauti ya mbwa.

Alirudi akipanda kwa kukimbia, kandambili moja imekatika. Masenge Béatha alikuwa amekaa nje ya mlango wa chumba, rozari mkononi.

"Mbona uko nje, Masenge?"

"Alinionyesha mlango. Baba akisema na mwanawe, mimi nisikilize nini?"

"Amesema?"

"Hakukungoja. Amesema muda mrefu, kwa mnong'ono kama anayesali. Mimi nikaenda kukaa jikoni, ndiyo kwanza nimerudi."

Mukunde alisukuma mlango. Kioo kilikuwa kinawaka, na Gratien alikuwa amekisogelea hata uso wake ukawa mkubwa kuliko wa mtu wa kweli, mashavu yamelowa.

"Dada! Sasa nakuona! Nakusikia vizuri kabisa! Namwona na Papa! Mwambie sikusikia kitu! Nilikuwa napiga kelele: sikusikii, Papa, sikusikii, na yeye picha yake imeganda vile vile. Mwambie aanze upya!"

Léonidas alikuwa ameegemea mito. Uso wake ulikuwa umelegea, mikunjo ya paji imetoweka, na machozi yalikuwa bado njiani kuelekea masikioni. Alipomwona binti yake aliinua mkono, akamshika.

"Nimemwambia yote," alisema. "Umeona alivyolia?"

Mukunde alimfuta machozi kwa mkono wa pili.

"Nimemwona kama yuko hapa. Kazi yako ni nzuri, mama. Mimi sikujua ni kazi nzuri hivi."

"Mwambie, dada!" Gratien alisema kwenye kioo. "Mwandikie!"

Alichukua karatasi. Aliandika HAKU, mkono ukasimama. Alimtazama mzee aliyekuwa amemaliza kazi yake kubwa ya mwisho, amemaliza na kuridhika, naye alitakiwa amwambie kwamba alikuwa akihutubia picha. Alijilazimisha. Alimaliza neno, HAKUSIKIA, akamwinulia karatasi machoni. Lakini macho ya Léonidas yalikuwa yamefumba. Alimtikisa bega. Mzee aliguna bila kufumbua.

"Nimechoka, mama. Kesho."

Usiku ule njia ya kupanda ilikuwa wazi kama haijawahi kuwa. Nyumba zote zilikaa gizani zikingoja kuambiwa kwamba mzee amemaliza. Katika njia ile yote hakikupita kitu isipokuwa kilio cha Mukunde, nacho kilifika Montréal bila kukatika.

Asubuhi Léonidas aliamka, lakini ulimi haukuamka. Alimtazama binti yake, akatazama karatasi, na haikujulikana kama aliisoma. Gratien aliomba ruhusa kazini, akakaa kwenye kioo siku nzima akimtazama, na baba naye mara nyingine alikitazama kioo. Jumamosi, kabla kengele ya kanisa haijalia, alikata roho.

Watu walijaa. Viti vilikodiwa, turubai likasimamishwa uani, wanawake wa jumuiya wakaleta majani ya chai na sukari. Mukunde alipokea mikono ya watu hadi kiganja kikapoteza hisia. Mchana alipanda hadi barabara ya juu, mahali ambapo simu hushika, akampigia ndugu yake, kwa kuwa alijua swali lililokuwa linamngojea na hakutaka kulisikia mbele ya wageni.

Gratien hakulizungusha. "Alinifungulia?"

"Sijui, Gratien."

"Masenge?"

"Masenge alikuwa jikoni. Hakuna aliyesikia. Alisema tu kwamba amekwambia yote, na kwamba amekuona ukilia. Uso wake ulikuwa na amani."

"Hata siku ile aliyonifukuza alilala vizuri. Mama aliniambia."

Pikipiki zilipita. Mukunde alisubiri zipite zote.

"Ungeweza kunidanganya, dada. Ungesema amesema nije. Ningekuamini."

"Ningeweza. Nilikuwa nimeshaanza kuyapanga maneno nikipanda hapa."

"Kwa nini umeacha?"

Basi akamwambia. Alimwambia habari za nodi mbili na vifaa vya nodi moja, akamwambia michoro ilisema nini na yeye alisema nini, na kicheko cha Nkusi, na jinsi alivyorudi nyumbani amejaa fahari. Alimwambia kwamba kama angeiacha namba iseme ukweli, mafundi wangemaliza Gisozi wiki moja kabla ya Alhamisi ile, na kila neno la Papa lingepanda. Alisema yote bila kujihurumia, kama anayesoma hukumu.

Gratien alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ulituweka nyuma ili watu wasiseme," alisema.

"Ndiyo."

"Papa naye alinifukuza kwa sababu wageni walikuwa sebuleni. Tungekuwa wawili tu, angenipiga kofi, kesho yake tungekunywa chai." Alivuta kamasi. "Nyinyi wawili, dada. Mmefanana hadi mimi nimekosa pa kusimama."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali awe nayo. Mukunde aliketi juu ya mawe ya mtaro, akalia kwa mdomo wazi, wapita njia wakimtazama.

"Kuzika ni kesho?" Gratien aliuliza.

"Kesho, makaburini Rusororo. Kule simu inashika vizuri. Nitaishika mwenyewe karibu kabisa, utaona kila kitu. Padri amekubali hata jina lako lisomwe, na udongo nitauweka mimi kwa niaba yako."

"Hapana."

"Gratien..."

"Aliniambia nisimzike. Kama ameliondoa, sikulisikia. Siwezi kuja kaburini kwa neno nililolikisia, dada. Na pia siwezi kukaa huku bila kuja kabisa." Aliwaza. "Kuna ukuta?"

"Kuna uzio. Na barabara juu yake."

"Basi nishikie hapo. Nje ya uzio. Mtu aliyekatazwa kuingia anaruhusiwa kusimama barabarani."

Jumapili msafara ulifika Rusororo na jua kali. Watu walishuka kwenye mabasi, wakateremka kufuata jeneza, wanawake wakiinua pindo za mishanana, mavazi yao ya heshima, zisiguse vumbi. Nkusi alikuwepo amevaa kofia na miwani ya jua, Conrad alikuwepo, Rwema na mafundi wenzake walibeba msalaba walioutengeneza wao, umepigwa msasa hadi unang'aa. Masenge Béatha alitangulia akishikwa mikono pande mbili.

Mukunde hakuteremka. Alisimama barabarani, nje ya uzio, akaiinua simu kwa mikono miwili kuelekea chini, ambako watu walionekana wadogo na shimo halikuonekana kabisa.

"Unaona?" aliuliza.

"Naona," alisema Gratien. Sauti yake ilifika safi kabisa. "Picha haikatiki hata kidogo."

Nyimbo zilipanda zikiwa nyembamba kwa umbali. Padri alisoma. Kisha wimbo ukaisha, na vichwa vikaanza kugeuka huku na huku, maana ulikuwa umefika wakati wa udongo na mtoto wa marehemu haonekani. Walimwona kule juu. Wakanong'onezana. Nkusi alivua miwani, akapanda mteremko akihema hadi kwenye uzio.

"Mukunde, dada yangu, wanakungojea wewe. Watu hawaelewi. Njoo."

"Mwambie Masenge aanze."

"Lakini wewe ndiwe mtoto. Itakuwaje mtoto asimame huku?"

"Tuko wawili," alisema Mukunde. "Tumesimama huku."

Nkusi alitazama simu, akauona uso uliokuwa ndani yake, akavua na kofia. Aliteremka tena taratibu, wakamwona akimwinamia Masenge sikioni. Yule mama mzee aliinama, akachota udongo kwa mkono wake uliokuwa na rozari. Kwa umbali ule hawakusikia ulipoanguka. Mikono ya Mukunde ilianza kuuma, akabadilisha mshiko bila kuishusha simu hadi watu wakamaliza.